Hakuna Aliyewaita

Mwalimu Yotham alikipata Kiingereza kwa Padri, neno moja moja, kama kuku anavyodonoa uwele. Misheni ya Waingereza ilikuwa imekaa upande wa Kongwa tangu Mdachi hajapandisha bendera yake, na Padri alipenda kufundisha maneno kwa mafungu. Juma lile lilikuwa fungu la vitu kukutana. "Meet," alisema, ni watu wawili njiani kwenda kisimani. "Join" ni mbao mbili na msumari kati yao. "Gather" ni kuni, ni mavuno, ni watoto unapowaingiza ndani mvua inapokuja. "Assemble" ni askari tarumbeta ikilia. Yotham aliyashika yote, akayafundisha darasani, wala hakujua kwamba kabla juma halijaisha, shingo ya mtu itaning'inia kwenye maneno hayo.

Mtu huyo ni Matonya. Kosa lake ni kuimba.

Ilikuwa hivi. Zipora alifiwa na mumewe mvua zilipoanza, na magugu yakapanda shambani kwake hata uwele ukawa hauonekani. Huku kwetu mjane haendi kuomba mlango kwa mlango. Anapika pombe, anaichuja, machicha anayaanika juu ya paa la tembe. Ndege wanashuka kula, watu wanawaona ndege, kila mtu anachukua jembe lake. Haitwi mtu, hatumwi mtu. Wakaja kutoka tembe zote za bonde lile, na Matonya, kwa kuwa Mungu alimpa koo, akawa mbele ya mstari akiimba, wenzake wakiitikia.

Siku hiyohiyo akida Rajabu alikuwa akitafuta watu wa kazi ya barabara, akakuta tembe tupu. Akaufuata wimbo. Akaona watu wengi, vyuma mikononi, mmoja anasema na wote wanamjibu. Vita vya kusini vilikuwa havijapoa, na amri ilikwishatoka kwamba watu wasikusanyike bila ruhusa. Mdachi aliyechoma maghala ya watu mpaka njaa ikamalizia kazi ya risasi, sasa alikuwa anawaogopa wanaopalilia. Rajabu akaleta askari. Majembe yakachukuliwa kuwa ni silaha, Matonya akafungwa kamba, na wote, Zipora akiwemo, wakaswagwa hadi bomani kama mbuzi wa mnadani.

Bwana mkubwa wa boma alikuwa mgeni. Kiswahili chake kilitosha kuagizia maji ya kuoga. Kiingereza alikuwa nacho, maana aliwahi kufanya biashara kwa Waingereza, kwa hiyo Padri akaombwa amtoe mwalimu wake akatafsiri. Yotham alipofika aliwakuta watu wameketi juani uwanjani, na mnyororo umekwisha kuletwa. Rajabu akamweleza bila kuficha: mkusanyaji akijulikana, anapelekwa pwani, na wanaopelekwa pwani hawarudi.

Bwana mkubwa akauliza ni nani aliyewakusanya watu hawa. Matonya akajibu kwamba hakuna, waliona machicha. Yotham alipolifikisha jibu hilo, Bwana mkubwa akadhani anachezewa, akapiga meza.

"Anayeimba mbele ndiye mkubwa wao," Rajabu akasema. "Mwalimu, mwambie hivyohivyo, usimtilie sukari."

Yotham akayapekua maneno ya Padri. La watu wawili lilikuwa dogo mno. La msumari halikufaa. Akajaribu lile la kuni na mavuno, Bwana mkubwa akalidaka: vizuri, na mkono uliowaokota ni wa nani? Kisha yeye mwenyewe akataja lile la askari na tarumbeta, akaegemea kiti kama mtu aliyemaliza kazi. Hapo Yotham akaona kwamba akiendelea kumtafutia mzungu huyu neno, Matonya atakwenda pwani huku yeye bado anatafuta. Akaacha kutafuta.

"Bwana," alisema, "kama ni mkubwa wao, na awaamuru. Bustani ya boma imejaa magugu. Awaite wakalime. Akiinuka hata mmoja, mfunge Matonya."

Bwana mkubwa akalipenda shauri hilo. Akamwonya tu Yotham asiwaongezee watu neno lake mwenyewe.

Ndipo Yotham alipowageukia watu. Watu wale hawakujua walichowekewa. Walimpenda Matonya. Je, wakidhani kwamba kuinuka ndiko kumwokoa?

Matonya akafunguliwa, akaambiwa awaite. Naye hakujua kitu. Akasimama, akaita kwa koo lake lote, akaongeza na wimbo.

Bibi mmoja akakohoa.

"Matonya mjukuu wangu, pombe hiyo umeinywa wapi peke yako?"

Watu wakacheka. Matonya akaita tena. Mara mzee Bartolomayo akainuka, polepole, akishika goti. Askari mmoja akanyoosha mkono kuuchukua mnyororo. Yotham akauma ulimi wake.

Mzee akainama kwa heshima. "Bwana mkubwa, utuwie radhi. Kwani hapa bomani kuna aliyefiwa? Hatukupata habari. Kama upo msiba, tuambieni."

Akangoja ajibiwe. Alikuwa anauliza kweli. Yotham akatafsiri kama ilivyosemwa, hakuongeza wala hakupunguza. Mzee akakaa. Bwana mkubwa akautazama uwanja, akamtazama Rajabu, kisha akaamuru mnyororo urudishwe ndani.

Lakini sheria ya wakubwa haiendi kulala na njaa. Matonya akapigwa viboko hamsa ishirini kwa kukosa kazi ya barabara. Kiboko kilipokwisha Yotham akauliza, bila kuulizwa, majembe je? Akajibiwa yatabaki. Yakabaki. Mpaka leo hayajarudi.

Walirudi wakimbeba Matonya kwa zamu. Njia inapita kando ya shamba la Zipora, nusu limepaliliwa, nusu limezama. Zipora akasimama mbele yao, akasema kwamba askari wameinywa pombe yote, hana cha kuwapa.

"Kwani tulifuata pombe?" akauliza mzee Bartolomayo.

"Mimi niliifuata," Matonya akasema, amelala kifudifudi mabegani mwa watu.

Wakamlaza kivulini kwenye nyasi. Bibi yule akaingia shambani wa kwanza, akapiga magoti, akang'oa magugu kwa mikono. Wengine wakafuata, mstari ukajipanga. Yotham akavua kanzu ya misheni, akaiweka juu ya kichuguu, akapiga magoti katikati ya Zipora na Bartolomayo. Ardhi ilikuwa ngumu na magugu yalikata vidole.

Rajabu alipita amepanda nyumbu wake, akasimama kuwatazama. Hakuna aliyeinua kichwa. Nyuma yao uwele ulikuwa umeanza kuonekana.