Mutu wa Kushika Upande wa Nyuma

Bato ya mbao iko na mugongo mbili: moja ya inchi kavu, moja ya majini. Njo maana hatukazi chuma cha helisi, ile panga inayozunguka majini na kusukuma bato, kwa moteri mupaka bato ilale ndani ya ziwa, ijiachilie, ionyeshe mwili wake wa kweli.

Hiyo kazi ni ya watu wawili. Chuma kirefu kinatoka kwa helisi, kinapita chini ya mbao, kinaingia ndani ya akuplema, ile kikombe kizito inafungwa nyuma ya moteri. Juu ya akuplema kuko visi, ule musumari wa kuzungusha, inapashwa kushuka mupaka ndani ya kishimo kilichotobolewa ndani ya kile chuma kirefu. Mumoja analala nyuma, anageuza chuma na mikono. Wa pili anachungulia kwa tundu ya visi. Kishimo kikifika anapiga kelele, na wa nyuma anashika, haachilii. Visi ikikosa kishimo, bato itaenda mbele bila shida. Siku dereva atarudisha nyuma, helisi itavuta chuma kitoke, maji yaingie pale, na ndani mumejaa akina mama, watoto na mifuko ya mashu, zile kabichi za soko.

Miaka yote mutu wangu wa nyuma alikuwa Habineza. Alipita mupaka wa Bunagana na familia yake, wakaenda Uganda. Akaniambia, "Fortunat, usichukue mutu, nitarudi." Sikuchukua mutu. Waliniletea mafundi: mumoja nikasema ni munene, mwingine nikasema ananuka vitunguu. Wa tatu hakuwa na kosa, nikasema hilo njo kosa lake.

Ile asubuhi nilikuwa ndani ya bato ya mama Apolline, Munande wa Butembo, pale porti. Watu wake wa kwenda Minova walipashwa kupanda saa sita. Yeye alikaa juu ya kesi ya bia, ananiangalia.

Nikaenda nyuma, nikageuza chuma. Nikatambaa mbele kuchungulia. Mawimbi yalisukuma helisi, kishimo kikapita. Nikarudi, nikageuza, nikatambaa tena. Mimi nimenenepa, bato haikunenepa. Mwisho nikafunga chuma na kamba. Kishimo kilionekana nusu, kama jicho la mutu anayejifanya amelala. Nikasema inatosha. Nikashika kifungulio cha kukazia visi, na kwa mazoea nikapiga kelele:

"Shika!"

Nikangoja. Habineza alizoea kujibu, "Nashika, harakisha, niko na bibi kwa nyumba!" Leo maji tu yaligonga mbao.

"Papa Fortunat, unaongea na nani?"

"Na chuma, mama."

"Kinakujibu?"

"Kiko na heshima. Mukubwa akisema, kinanyamaza."

Hakucheka.

Nikakaza visi hivyo hivyo, nikafungua kamba ya chuma, nikapiga alama ya chaki pale chuma kinaingilia ndani ya akuplema, tukaacha bato imefungwa na kamba zake kwa porti, nikawasha moteri. Mbele, sawa. Nyuma: alama ikaanza kutoka kwa akuplema polepole, kama mutu anayetoka misa mbele ya sadaka. Nikazima.

Mama Apolline alikuwa ameona.

"Watu wangu wanakuja. Uko na mutu, ao hauna?"

"Niko naye. Hayuko tu hapa."

"Yuko wapi?"

"Uganda."

"Anarudi lini?"

Nikafungua visi, nikasukuma chuma kirudi ndani mupaka kwa alama. Mara ya mwisho aliniita kwa simu, Habineza alikuwa anatengeneza mashini za kusaga kule, watoto wameanza masomo. Hakusema tena "nitarudi". Mimi sikumuuliza, kwa sababu nilijua.

Mama Apolline akavua viatu, akakaza kikwembe chake kiunoni, akashuka nyuma.

"Nionyeshe pa kushika."

"Mama, kuko mafuta."

"Mafuta napika nayo kila siku. Haijaniuma."

Nikamuonyesha. Nikarudi mbele, nikaweka taa ya simu kwa tundu.

"Geuza. Polepole. Bado... bado... Shika!"

"Nimeshika, papa. Kaza."

Sauti ilikuwa ingine, na iliniuma kidogo. Lakini kishimo kilikuwa kizima, mviringo, kimetulia. Visi ikaanguka ndani, nikaisikia kwa vidole. Nikapitisha waya kwa kichwa chake ili isijifungue. Tukawasha, tukarudisha nyuma kwa nguvu, kamba zikalia. Alama ya chaki haikusogea.

Abiria walikuwa wanapanda wakati mama Apolline ananawa mikono na mchanga.

"Huyo mutu wako akirudi, umwambie nilimushikia nafasi."

"Harudi, mama."

Mara ya kwanza nilisema ile na kinywa changu. Hakuniambia pole. Akapanguza mikono kwa kikwembe.

"Kuko mutu wa kwetu, Josias. Hasemaka sana, lakini mikono iko. Nimutume kesho?"

"Mutume," nikasema. "Asubuhi."

Dereva akarudisha nyuma, bato ikaachana na porti, mama Apolline ndani, ikageuka, ikaenda. Nikabaki pale juu ya porti na mafuta mupaka kwa kiwiko, na sikuwa na mutu wa kumwambia kwamba chuma kimeshika.