Laini ya Wendell

Nilipoachana na mume wangu Wendell, mji mzima wa Toledo ulichukua upande wangu, isipokuwa mama yangu mzazi, ambaye hakumtoa kwenye mkataba wetu wa simu wa familia.

"Mtoe, Mama!"

"Nimtoeje? Mkataba ni wa miaka miwili. Nikimkata kabla ya muda, kampuni inanipiga faini ya dola mia moja sabini na tano. Utalipa wewe?"

Basi kila Jumapili Wendell anapiga, na Mama anacheka naye jikoni huku akikaanga viazi. "Umekula, mwanangu? Theluji umeiondoa mlangoni?" Mwanangu! Mimi aliyenizaa kwa uchungu ananiita "wewe".

Jumapili moja ya Machi nikaiona bili mezani. Miaka miwili ilikuwa imetimia tangu Novemba! Niliendesha gari mbio hadi duka la kampuni ya simu, nikamwambia karani aikate laini ya Wendell, maana sasa faini hakuna.

Karani akatazama kompyuta yake. "Faini ipo, dada. Mama yako alikuja Novemba hiyo hiyo, akamtilia saini miaka miwili mingine."

Nikarudi nyumbani nikifoka. "Mama, umenichezea! Yule mtu tumeshatalikiana!"

"Mmetalikiana nyinyi," akasema, macho kwenye kikaango. "Mimi kuna aliyeniuliza?"

Simu ikalia. Akanikabidhi mwiko.

"Geuza viazi visiungue. Naongea na mwanangu."