Shukrani ya Mapema

Kama kuna kitu kilichonichosha kuliko kutafuta kazi, ni kutiwa moyo. Kazi ukiikosa unarudi nyumbani, unavua viatu, yameisha. Lakini watu wa kutia moyo hawana saa ya kufunga. Shemeji ananitumia kwenye simu picha za maua yenye maneno matamu. Jirani ananisimamisha nikitoka kuteka maji: "Vumilia, ndugu yangu, Mungu yuko njiani." Yuko njiani? Basi foleni ya leo ni kubwa.

Mimi ni mwokaji mikate. Tangu ujana nimesimama mbele ya tanuri, na mikono yangu ina alama za moto hadi kwenye viwiko. Mwenye jengo alipouza, duka letu la mikate likafungwa na tanuri likakatwakatwa kuwa chuma chakavu. Toka hapo nimekuwa mtu wa mageti. Mlinzi ananitazama viatu kwanza, uso baadaye. Ndani, dada wa mapokezi ananiambia niache namba, watanipigia. Anayepiga ni shemeji.

Mwili wangu haukupewa taarifa kwamba kazi imeisha. Bado unaamka alfajiri, nami nakaa ukingoni mwa kitanda sina pa kwenda. Hapo ndipo nilipoacha kusali. Sikugombana na Mungu. Nilichoka tu kurudia maneno yale yale bila kujibiwa. Mke wangu aliendelea. Kwa maombi, yule mwanamke hana breki.

Kanisani kwetu kuna kipindi cha ushuhuda kabla ya mahubiri. Aliyepona anasimama, aliyejifungua salama anasimama, watu wanashangilia. Sasa Jumapili moja mchungaji akafundisha kwamba mwenye imani hushukuru kabla ya kupokea. Mimi nilikuwa nasinzia. Mke wangu alikuwa macho makavu.

Wiki iliyofuata, kipindi cha ushuhuda kilipofika, nikaona kitambaa chake cha kichwa kinapanda juu pembeni yangu.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Nasimama kumshukuru Mungu. Mume wangu amepata kazi!"

Kanisa zima likalipuka kwa vigelegele. Mpiga kinanda naye hakubaki nyuma. Aliyeshtuka kuliko wote nilikuwa mimi. Nilimvuta gauni akakaa.

"Kazi gani wewe?"

"Kwa imani, baba watoto."

"Si ungewaambia basi kwamba ni kwa imani!"

"Ningesema hivyo ningekuwa nimetia shaka," akanijibu, akafungua Biblia yake kana kwamba hakuna lililotokea.

Baada ya ibada nikapokea hongera za kazi nisiyojua iko wapi. Nilitabasamu hadi mashavu yakauma. Ningefanya nini? Nisimame niseme mke wangu amelidanganya kanisa?

Ndipo akaja mzee mmoja wa kanisa. Siku za kazi, mzee huyu ni msimamizi wa matanuri katika kiwanda kikubwa cha mikate upande wa pili wa mji. Yeye peke yake, kati ya watu wote, ndiye aliyewahi kunipa ahadi yenye miguu: "Ikitokea nafasi, wa kwanza ni wewe." Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Hongera, mwanangu. Leo nilikuwa nakutafuta, kumbe Mungu amenitangulia."

Mke wangu alikuwa amesimama hapo hapo, uso unang'aa. Nikasema amina. Jioni nilimpigia mzee simu, ikawa haipatikani. Sikupata usingizi wa maana.

Asubuhi nilikuwa kwenye geti la kiwanda. Harufu ya mkate ilinipokea kabla ya mlinzi, na nakiri machozi yalinilenga. Mzee akatoka na koti jeupe na kofia ya wavu, anacheka.

"Umekuja kutuaga sisi masikini wa unga?"

"Mzee, jana ulikuwa unanitafutia nini?"

"Aa, hiyo imeshapita. Fundi wangu wa tanuri amehama, nikakuwekea nafasi yako. Mkeo aliposhuhudia nikasema sifa kwa Bwana, nikampa yule kijana wa kwaya mwenye mtoto mgonjwa. Ameanza leo."

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, maneno yakipigana vikumbo, lakini alielewa. Aliketi juu ya kreti tupu, akavua kofia yake.

"Kwa nini hukuniambia pale pale?"

"Mbele ya watu, mzee? Aliyesimama ni mke wangu."

Aliikung'uta kofia gotini. Kisha akasema hawezi kumtoa yule kijana, nami sikumwomba amtoe. Nani angemtoa? Akaingia ndani, akarudi na mkate wa moto ndani ya karatasi. Nilitaka kuukataa kwa hasira, nikakumbuka watoto, nikaupokea. Njiani niliubonyeza, nikautazama chini na pembeni, natafuta kasoro. Haukuwa na kasoro. Kijana anaijua kazi. Hata hilo la kunipoza nikalikosa.

Nilifika nyumbani mchana, watoto wametoka shule. Mke wangu aliuona mkate mkononi mwangu, akainusa ile karatasi yenye jina la kiwanda, akaachia kigelegele kilichowatoa majirani madirishani.

"Si nilikuambia! Si nilikuambia mimi!" Alipiga magoti palepale jikoni, mikono juu, analia kwa furaha.

Nilimwacha alie. Sikuwa na moyo wa kumkatisha, na sikuwa na moyo wa kumwacha aendelee. Mwisho nikaketi sakafuni karibu naye, nikamwambia yote, hadi kijana wa kwaya na mtoto wake. Niliona uso wake ukizimika.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

"Si wewe."

"Ni mimi. Kazi ilikuwepo. Ilikuwepo, na mimi nikaifukuza kwa kumshukuru Mungu."

 Maneno yote ya kutia moyo niliyotupiwa mimi miezi hiyo yalikuja mdomoni, nikayameza. Nilikuwa na hasira naye pia, nisiwe mnafiki. Lakini nilimwogopea zaidi kuliko nilivyomkasirikia, maana sikuwahi kumwona mke wangu akiwa hana la kumwambia Mungu.

Tuliketi mezani. Kuombea chakula ni kazi yake tangu tuoane. Watoto wakafumba macho, wakasubiri. Akatikisa kichwa.

"Siwezi," akanong'ona.

Basi nikafumba macho mimi. Sauti yangu ilitoka kama ya mtu mwingine.

"Baba, kazi hatuna. Unajua. Huyu alikuamini mbele za watu, na sasa anaona aibu. Sijui kwa nini uliacha iwe hivi, na nimechoka, lakini nakuomba usimwache. Mimi nitavumilia, yeye usimwache. Asante kwa mkate. Amina."

"Amina," wakasema watoto.

Nikaingoja amina ya mama yao. Haikuja. Alikuwa ameinamia sahani yake, midomo imefungwa.

Nikaisema tena mimi, ya kwake, kisha nikawakatia mkate.