Moyo wa Bwana Yotamu

Mwaka ule wa sabini na sita, Tupokigwe alikuwa akichambua viazi nyumbani kwake Uyole aliposhikwa na maumivu ya kifua. Yakapanda hadi kwenye taya, yakashuka mkono wa kushoto, na jasho likamtoka na baridi yote ile. Mumewe, Yotamu, akamkokota hadi zahanati.

Mganga Timotheo alimpima, kisha akawasha redio ya upepo kumwuliza bingwa wa moyo, ambaye alikaa Iringa.

"Mgonjwa ni mwanamume au mwanamke? Ova."

"Mwanamke, ndugu daktari. Ova."

"Basi ana mawazo. Mpe chai, arudi nyumbani. Ova."

Tupokigwe alisikia kila neno. Wazo alilokuwa nalo lilikuwa moja tu, kwamba anakufa. Chai ilipoletwa hakuweza hata kushika kikombe.

Yotamu akamgeukia mganga. "Mwite tena. Mwambie mume wa yule mama naye ameshikwa na kifua."

"Wewe ni mzima."

"Mwambie hivyohivyo."

Timotheo akamtazama mama yule anavyohema, akarudi redioni. Akataja kifua kilekile, taya lilelile, mkono uleule. Sauti ya daktari ikabadilika.

"Huo ni moyo. Mlaze, asipige hata hatua. Mpe aspirini. Naagiza Landrova kutoka Mbeya mjini sasa hivi. Ova."

Landrova ikaja. Tupokigwe akapakiwa kwa jina la Yotamu, na kwa jina hilo akalazwa wodi ya wanaume, kati ya dereva wa lori aliyevunjika mguu na mzee mmoja mwenye ngiri. Muuguzi Severina alimtazama, akayasoma maagizo ya Iringa, akamvutia pazia.

"Wagonjwa wa moyo wanalazwa huku tu," alisema. "Tulia, Bwana Yotamu."

Kila asubuhi daktari aliuliza redioni Bwana Yotamu anaendeleaje, naye Severina akajibu kwamba amemaliza uji wake.

Yotamu mwenyewe roho ikamsuta. Siku moja akaomba kuzungumza na daktari, akaungama kwamba mgonjwa ni mkewe.

"Kama ni mwanamke, basi haukuwa moyo," daktari akasema. "Mruhusuni. Ova."

Severina akamnyang'anya kipaza sauti. "Ndugu daktari, redio inakwaruza, hatukusikii. Bwana Yotamu anaendelea vizuri. Ova." Akazima, akamgeukia Yotamu. "Shemeji, usirudie tena."

Tupokigwe akapata nafuu polepole. Siku ya kuruhusiwa, daktari alitaka kuongea na mgonjwa mwenyewe. Tupokigwe akakohoa, akaikaza sauti.

"Nakusikia, ndugu daktari. Ova."

"Hongera, bwana. Ila kuni usibebe, maji usichote, jembe usiguse. Kazi hizo mwachie mkeo. Ova."

Tupokigwe akamwangalia mumewe, aliyesimama mlangoni na kapu la nguo begani.

"Amesikia," akasema. "Amekubali. Ova."