Makoti Kumi na Mawili, Kichwa Kimoja

"Tangu nishike pasi sijawahi kumpa mtu nguo isiyo yake, na sitampa," alisema dobi, akigonga kaunta kwa mfuniko wa kopo la wanga. "Wenzangu wanatumia uzi. Mimi natumia kichwa. Uzi unakatika, Matroni. Kichwa nani amekiona kikikatika?"

"Mimi," alisema Matroni, ambaye alikuwa mkuu wa wauguzi wa hospitali na mambo mengi alikuwa ameyaona. "Lakini endelea."

Mtaa ulimwita Kompyuta, na yeye jina hilo alilivaa kama suti. Ukimwita kwa lile alilopewa na mama yake, hageuki. Madobi wengine wakipokea shati hushona uzi wa rangi ndani ya kola, wapate kujua ni la nani. Kompyuta aliona hiyo ni aibu, sawa na mpishi kupima chumvi kwa rula. Yeye aliipokea nguo kwa mikono miwili, akaikunjua, akaitazama kama anatazama sura ya ndugu aliyepotea miaka. "Kola imelika upande wa kushoto. Wewe ni mtu wa kuegemea shavu," angesema, na mwenye shati angetoa mkono shavuni kwa haya. Wiki ikipita unarudi, hujafungua mdomo, nguo yako iko kaunta.

"Basi nitakuletea makoti ya madaktari," alisema Matroni. "Kumi na mawili ya majaribio. Yote meupe, yote yametoka kiwanda kimoja. Kila koti likimrudia mwenyewe, kazi ya hospitali nzima ni yenu."

Kwenye meza ya pasi, mkewe aliinua kichwa. Huyu alikuwa Mama Mapacha, mwanamke wa maneno machache, na hayo machache aliyanyoosha kabla ya kuyatoa. "Tutashona uzi," alisema.

"Hatutashona," alisema Kompyuta.

Lakini sifa ya jana hainyooshi shati la leo. Siku mbili baadaye mwalimu mkuu wa shule ya jirani aliingia dukani ameshika kiuno cha suruali kwa mikono yote miwili, kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa.

"Kompyuta, suruali hii si yangu."

"Ni yako, Mwalimu."

"Tunaingia mimi na naibu wangu, na nafasi inabaki!"

Mtu mwingine angeitazama suruali. Kompyuta alimtazama mwalimu, tena kwa huruma. "Mwalimu, nguo haikui. Wewe ndiye umekonda. Unakula vizuri lakini? Usingizi unapata?"

Maskini mwalimu! Aliingia dukani na hasira, akatoka na ugonjwa. Alikwenda hospitali moja kwa moja, mikono bado kiunoni. Wakampima damu, wakampima mapafu, wakampandisha kwenye mizani: alikuwa ameongezeka kilo mbili. Kwa kuwa vipimo vyote vilikuwa safi na mgonjwa anashikilia kwamba anakwisha, wakampeleka kwa daktari wa ubongo na akili. Daktari huyo naye alikuwa mteja wa Kompyuta. Hakuuliza maswali mengi. Aliitambua suruali, kila Jumamosi aliiona buchani, imevaliwa na muuza nyama.

Habari ilifika dukani kabla ya suruali yenyewe. Mama Mapacha aliweka pasi wima.

"Baba Mapacha, sikiliza. Ya Mwalimu yamepita. Lakini koti moja la hospitali likipotea njia, kaunta nasimama mimi. Wewe unahamia kwenye mabeseni."

"Mimi? Nifue?"

"Wewe si dobi?"

Hapo Kompyuta alishikwa pabaya. Kufua alikujua, lakini kaunta ndiyo ilikuwa kiti chake cha enzi. Pale ndipo watu walipomwita jina lake. Nyuma kwenye mabeseni, nani angemwita Kompyuta? Sabuni?

Sasa tuseme lile ambalo mwenyewe hakulisema. Nyuma ya duka palikuwa na stoo ya sabuni na wanga, na ndani ya stoo, juu ya gunia, Kompyuta alikuwa na kikao chake na simu. Ilianza kwa mzaha. Rafiki wa zamani alimtumia video ya watu wasio na nguo, jambo la ajabu kidogo kwa mtu ambaye riziki yake ni nguo. Alicheka. Akatafuta nyingine. Kisha kicheko kikaisha, kutafuta kukabaki. Mwaka ulipogeuka, mkono ulikuwa unaifuata simu kabla yeye mwenyewe hajaamua. Anaingia stoo kuchukua sabuni, anatoka pasi imepoa, na sabuni hajachukua. Asubuhi anaapa, chai haijapoa ameshavunja kiapo. Wala raha hakuipata tena. Alikuwa kama mtu anayekuna kidonda. Mteja akiongea, macho yalikuwa kwenye shati, akili iko stoo. Na nyumbani, kitandani, alikuwa kama koti kwenye hanga: lipo, mwenyewe hayupo.

Daktari alikuja mwenyewe, suruali kwapani. Mama Mapacha alikuwa nyuma anaanika mashuka.

"Kompyuta, yule mgonjwa wako nimemponya."

"Alikuwa na nini?"

"Suruali ya muuza nyama." Daktari aliiweka kaunta. "Jana mimi nilikuletea nini?"

Kompyuta alitazama dari. "Shati."

"Rangi gani?"

"La kiume."

Daktari hakucheka. Alisema tu, "Tuongee mahali pa faragha," na mahali pa faragha palikuwa stoo tu. Wakaingia stoo, daktari akakaa juu ya gunia lile lile, bila kujua amekalia nini.

"Nina rafiki yangu," alianza Kompyuta.

"Ehe."

"Ana simu."

"Watu wengi wanazo."

"Anaangalia... wale watu. Hataki, lakini anaangalia. Zamani huyu rafiki alikuwa na kichwa, daktari, kichwa cha kuogopwa! Sasa unamwambia kitu, kinapita. Ubongo wake umeoza?"

"Haujaoza. Hebu nikuulize, ili umwambie. Mteja akija kudai shati ambalo hukulipokea, utampa?"

"Nitalitoa wapi?"

"Basi kumbukumbu ndivyo ilivyo. Kinachoipokea ni usikivu. Rafiki yako hapotezi mambo. Mengi hayakuingia dukani kabisa. Mtu akishikwa na tabia hii hadi haimsikii tena, nusu ya akili hukaa mlangoni inaisubiri. Ile nusu iliyobaki ndiyo inapokea wateja, inahesabu, inakumbuka. Inazidiwa." Daktari alijikuna kidevu. "Wataalamu bado wanabishana kipi kilianza, tabia kuharibu usikivu, au usikivu dhaifu kuialika tabia. Mimi sitamtisha mtu kwa nisichokijua. Ninachokijua ni kwamba watu wanaokuja kwangu na shida hii wengi wanalalamika hivyo hivyo, na wengi wanapata nafuu. Si kwa siku moja, na mara chache kwa kujificha. Aje Jumatatu saa nne. Na amwambie mkewe."

"Rafiki yangu ana kiburi, daktari."

"Kiburi si kibaya. Akitumie kwa kazi hii."

Kompyuta alitumia kiburi, lakini kwa kipimo chake. Jumatatu ya daktari ilikuja ikapita, akaiangalia inavyopita. Wala hakumwambia mkewe habari ya stoo. Alichofanya ni kumkabidhi simu. "Nitunzie hii. Mwanga wake unaniumiza macho." Mama Mapacha aliipokea haraka, akaifunga kwenye pindo la kanga. Haraka ile ingemshtua mtu makini. Kompyuta, tumeshasema, hakuwa makini siku hizo.

Makoti yakaja. Matroni aliyaweka kaunta, akayataja moja moja: la daktari wa meno, la wa macho, la wa watoto, la mpasuaji, akaenda hadi la kumi na mbili. Kompyuta aliitikia kila moja kwa kutikisa kichwa kama jaji. Lakini baada ya la tisa, mkono wake ulikwenda mfukoni kutafuta simu isiyokuwepo, na akili ikaufuata mkono. Iliporudi, Matroni alikuwa amefika mwisho.

"Umeyashika?"

"Yote!"

Matatu hakuyajua. Matroni alikuwa ameshafika mlangoni alipomwita.

"Matroni! Umenijaribu mimi, na mimi nikujaribu. Hili la nani?"

"La wa mifupa."

"Umeweza! Na hili?"

"La wa masikio. Hilo jingine la mkunga. Unanionaje?"

"Una kichwa," alisema Kompyuta kwa ukarimu mkubwa, na mara hii alisikiliza kama mtu anayesomewa hukumu.

Mlango ulipofungwa, alibeba makoti yote, akaingia stoo, akarudisha mlango. Akatoa sindano, akatoa uzi. Ndiyo, yeye! Kama ungekuwepo ungeona anavyolikosa tundu la uzi, nusu kwa hamu ya simu, nusu kwa aibu ya sindano. Ndani ya mfuko wa koti la meno, uzi mwekundu. La macho, wa bluu. La mifupa, mweupe maradufu.

Lakini sindano ina tabia moja: ukiacha kuitazama, inakuchoma. Ikamlazimisha kutazama. Alipofika koti la nne alianza kuona tena. Hili la meno lilinuka karafuu kwenye mkono. La watoto lilikuwa limevutwa pindo, limelegea upande mmoja, kwa kuning'iniwa na vitoto. Mpasuaji alikuwa na kifungo kimoja cha nguo nyingine, alichoshona mwenyewe, tena kwa fundo la ajabu. Kompyuta alitabasamu peke yake. Kama ndugu aliyepotea miaka, kichwa kilikuwa kinarudi nyumbani, na miguu yake michafu, lakini kinarudi.

Siku ya kuyatoa, Matroni alikuja na wenye makoti watano, maana habari ya mwalimu mkuu ilikuwa imeenea na kila mtu alitaka kucheka mwenyewe. Mama Mapacha alisimama kwenye pasi yake, mikono kifuani.

Kompyuta alivuta koti la kwanza. "Meno!" La pili. "Macho! Shikilia vizuri, ukikaa kaa mbali na wino." La tatu, "Watoto!" Mfuko hakuugusa, uzi hakuutafuta. Alikuwa anayajua! Sauti ilipanda. "Mpasuaji! Kifungo hicho nimekuachia makusudi, ni ukumbusho." Watu wakacheka, yeye akazidi. Kwenye la wa masikio tu kidole kiliteleza mfukoni kidogo, kikatoka. Likafika la kumi na mbili, Matroni akiyapokea ya wasiokuwepo, na hakuna koti lililopotea njia.

"Kompyuta!" walipiga makofi.

"Kichwa tu!" alisema, akifungua mikono. "Kichwa kitupu!"

"Kazi ni yenu," alisema Matroni. "Tena nakuomba uje hospitalini uwafundishe madobi wetu hiyo ya kukumbuka bila alama."

"Nitakuja, hata kesho. Ni suala la kipaji, lakini tutajaribu kuwasaidia..."

"Atawafundisha kushona uzi," alisema Mama Mapacha.

Alikuja polepole, akalichukua koti la daktari wa meno, akageuza mfuko nje. Uzi mwekundu uling'aa kama ulimi.

"Nilikuona stoo," alimwambia mumewe. "Nilikuja mimi mwenyewe, na maneno yangu yote mdomoni, ya mwaka mzima. Nilidhani nitakukuta na kitu kingine. Nikakukuta unakata uzi kwa meno, unataja majina ya makoti kama mtoto wa chekechea." "Nikarudi kwenye pasi. Sijawahi kujivunia mume kama siku ile, basi usiniharibie kwa uongo."

Matroni alicheka hadi akashika kaunta. "Kumbe uzi upo! Mngesema tangu mwanzo nisingewajaribu. Kichwa mimi sikiamini, hata changu. Kazi ni yenu mara mbili."

Walipobaki wawili, Kompyuta alijifanya anapanga hanga. Kaunta ilikuwa bado yake, hilo alilijua, na kifua kilikuwa kimejaa. Aibu na fahari vilikuwa vimebanana humo kama abiria wawili kwenye kiti kimoja.

"Ulidhani utanikuta na kitu gani?" aliuliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka jibu.

"Jumatatu hukwenda kwa daktari."

"Daktari gani?"

"Aliyekaa juu ya gunia." Mama Mapacha alichukua pasi, akaijaribu joto kwa kidole kilicholowa. "Ukuta wa stoo ni mbao, Baba Mapacha, na kamba yangu ya kuanikia imefungwa hapo hapo. Nilisikia habari za rafiki yako zote. Nimemwombea miadi mingine, Jumatatu hii, saa nne. Nami nitamsindikiza, maana nasikia ni msahaulifu."