Nyumba Nne Zinazongoja Moto

Usingizi unamkuta Gwakisa kwenye kiti cha nyuma cha Pijo 404 ya marehemu babu yake, bisibisi mkononi, mvua ya Tukuyu ikipiga bati la banda juu yake, na hajui kama ni yeye aliyefumba macho au ni vioo vilivyoingia ukungu. Tangu asubuhi anapiga stata. Gari linakohoa, linatikisika, linatema moto kwenye kabureta, linanyamaza. Limepona lote isipokuwa sauti. Kutu ameikwangua mwenyewe, mabati ya sakafu ameyachomelea upya, bampa ameisugua kwa majivu mpaka inamwonyesha meno yake, viti vimeshonwa na Bibi Tusajigwe kwa cherehani yake ya miguu, na injini ameifungua yote juu ya mkeka akairudisha bila kubakiza hata nati moja. Hakufundishwa na mtu, na anapenda watu wajue hivyo. Lakini leo saa kumi lori la chuma chakavu linakuja, kwa sababu baba yake mdogo, Ambakisye, anautaka uwanja ajenge vyumba vya kupangisha, na makubaliano yao yalifanyika mbele ya Bibi: Likitoka getini kwa nguvu zake ni lako, na banda la maana nitakujengea. Lisipotoka, mwanangu, tutalivuta kwa mnyororo, na wewe utakuja kusaidia kuvuta. Gwakisa alimjibu: Andaa saruji ya banda, baba mdogo. Sasa maneno hayo yanamzunguka kichwani, yanazunguka pamoja na mvua, mpaka anachoka kuyasikia, anafungua mlango ashuke akajaribu tena, na mguu wake haukanyagi tope la uwanjani. Unakanyaga lami.

Barabara haina mwanzo wala mwisho. Kushoto na kulia ni mashamba ya chai, kama kwao, ila kila jani ni kioo kidogo cha gari, cha pembeni, na katika kila kioo yupo Gwakisa anatembea, Gwakisa elfu na elfu, wote wameshika bisibisi, wote wanakwenda kasi kuliko yeye. Anatembea, barabara inajikunja, anapita mahali alipopita, au mahali alipopita ndipo panapompita yeye, na kwenye kona anamkuta mtu aliyevaa ovaroli, ana kichwa, ana masikio, lakini uso wake ni laini kabisa, umejazwa puti na kupigwa msasa, uso unaongoja rangi. Shikamoo, anasema Gwakisa, maana asiye na uso naye anaweza kuwa mkubwa wako. Marahaba, anajibu yule mtu, na sauti inatokea mifukoni mwa ovaroli. Unaelekea wapi? Nyumbani. Nyumbani kwenu ni mbele au nyuma? Gwakisa hapendi kuulizwa kama mtoto aliyepotea sokoni. Anajiweka sawa, anapandisha kifua, na anajibu kwa namna anavyojua kuwajibu watu wanaomdharau:

Mimi Gwakisa ni fundi, niliyefunzwa na chuma,
Sikusomea kwa kundi, wala kuomba huruma,
Nalipenda kila pindi, na leo litanguruma,
Nipishe nina ushindi, sikuja kurudi nyuma.

Umetunga vizuri, anasema yule mtu, vina vyako vimekaza kama nati. Ila nani kakwambia kwamba unakotazama ndiko mbele? Na kabla hajajibiwa anamkabidhi kifuniko cha gurudumu, na ndani yake kaa la moto, jekundu, linapumua. Mjini kuna nyumba nne zinazongoja moto huu, anasema. Zikiwaka zote nne kwa mfuatano wake, umefika kwenu. Zisipowaka utabaki unazunguka, na huko uani lori litakuwa limeshapiga honi. Kwa mfuatano upi? anauliza Gwakisa. Unaujua, anasema mtu asiye na uso, ndiyo maana unaukosea.

Mji ni Tukuyu na si Tukuyu. Soko liko mkono usio wake, mlima umehamia mgongoni mwa kanisa, na mabango ya maduka yamegeuza herufi zake, yanasomeka kuanzia kulia. Gwakisa anayaona yote hayo na hajali, kwa sababu ana moto mkononi na mwenye moto hana muda wa kusoma mabango. Katikati ya mji ipo kipilefti, duara la barabara, na kuizunguka, nyumba nne, moja kila upande. Anaingia kama anavyoingia siku zote. Nyumba ya kwanza inafunguliwa na mama mmoja asiye na uso, mwenye sauti kama ya Bibi. Ndaga, asante mjukuu wangu, anasema, anachukua cheche, na dirisha linawaka. Nyumba ya pili mlango unafunguka kidogo na moto unarudishwa wote, unamuunguza nyusi. Si zamu yetu, wanafoka ndani, hata jiko hatujapanga, wewe kijana unakimbizwa na nani? Nyumba ya tatu inapokea, inashukuru, inawaka. Ya nne inamtemea kama ya pili: Tumekungoja mpaka tumekwenda kulala, sasa moto wa nini? Na papo hapo nyumba zilizowaka zinazimika, mji unakohoa, unatikisika, unanyamaza. Gwakisa anaujua mtikisiko huo. Ameusikia tangu asubuhi chini ya makalio yake.

Anazunguka tena. Anazunguka kwa hasira, anazunguka kwa upole, anazunguka akikimbia, na kila mara nyumba mbili zinashukuru na mbili zinatema, na kila mara juu ya ukingo wa barabara amekaa yule yule wa ovaroli, au ndugu yake, maana hao hawatofautiani. Nyumba mbili zinakupokea, anasema, mbili zinakutemea, na zote zimejengwa na fundi mmoja. Kosa ni la nani? La nyumba, anasema Gwakisa. Wa ovaroli anacheka, kicheko cha baba mdogo kabisa. La barabara, basi. Anachekwa tena. La moto. Kumbe tuna fundi hodari, anasema wa ovaroli, dunia nzima ina kosa na yeye hana. Gwakisa anataka kumjibu jibu la kumchoma, anainua mkono amnyooshee kidole, na kidole hakifiki popote, kwa sababu ameuona mkono wenyewe. Pale nyuma ya kiganja lipo kovu lake, kovu la pasi ya makaa alilolipata utotoni. Ni lile lile, na umbo lake ni lile lile la jani. Lakini liko mkono wa kulia. Maisha yake yote limekaa mkono wa kushoto.

Anasimama. Kaa linapumua kwenye kifuniko. Anayatazama sasa yale mabango, herufi zilizogeuza migongo, na kitu kinamfungukia kichwani kama boneti. Simu yake ina kamera moja tu inayofanya kazi, ile ya mbele, ya kujipigia selfi; ya nyuma ilipasuka. Siku alipozifungua zile nyaya nne zinazochukua moto kutoka kwenye distributa kuupeleka kwenye plagi, alipiga picha kwanza ili azirudishe kama zilivyokuwa, na kidole cha mkono wake wa kushoto kikionyesha waya namba moja. Ameifuata picha hiyo kwa uaminifu kama dua. Na kamera ile inapindua kila kitu kama kioo, kushoto kunakuwa kulia. Nazunguka upande usio wake, anasema polepole. Yule mtu asiye na uso anashuka ukingoni, kama aliyekuwa anangoja hilo tu. Lakini wewe hukuja kurudi nyuma, anamkumbusha. Gwakisa anakishika kifuniko vizuri. Sirudi nyuma, anasema, nazungukia kwingine. Na anageuka, anaipita kipilefti kwa mkono wa pili, huku majani yote ya chai huko mashambani yakigeuka naye, na nyumba ya kwanza inawaka, inayofuata inasema, Sasa ndiyo zamu yetu, inawaka, inayofuata inawaka, ya mwisho inafungua mlango kabla hajabisha, na mji mzima unaanza kunguruma chini ya nyayo zake, na juu ya mngurumo, honi.

Honi ya lori. Dirishani mwa Pijo kuna uso, wenye macho, wenye pua, wenye pengo la jino. Una uso, baba mdogo, anasema Gwakisa. Nilizaliwa nao, anajibu Ambakisye. Toka ndani, bwana harusi, bibi harusi anachukuliwa. Gwakisa hatoki kwa kutii. Anatoka kwa kukimbia, simu mkononi, na pale pale kwenye mvua anaifungua picha. Mkono ulio kwenye picha ni wa kulia, una kovu. Anatazama mkono wake: kushoto, kovu. Anainua boneti, anachomoa nyaya mbili zinazotazamana, zile za nyumba zilizotema, anazibadilisha nafasi. Dereva wa lori, mnyororo begani, anauliza kama huyu kijana anamfunga bibi harusi hereni. Na mlango wa mbele unafunguliwa, na Bibi Tusajigwe anaingia na mwavuli wake, anakaa. Bibi, shuka kwanza, halijawaka. Siku babu yako analeta posa halikuwaka pia, anasema Bibi, walilisukuma mpaka kwetu. Mimi sijazoea kungoja liwake. Piga.

Anaingia kwenye usukani, anapiga. Gari halikohoi. Linagugumia mara moja, linashika, na sauti inayotoka ni nzito na tulivu, sauti ambayo Gwakisa aliisikia mara ya mwisho akiwa amekaa mapajani mwa babu. Dereva anashusha mnyororo. Baba mdogo anasimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni, halafu anakwenda mwenyewe kulifungua geti, bawa moja, bawa la pili, na wanapompita anaugonga mlango kwa kiganja: Saruji ya daraja gani, mwanangu? Ile nzuri, baba mdogo.

Wanatoka. Mvua inakatika, mashamba ya chai yanang'aa pande zote mbili, jani kwa jani. Gwakisa anatupa jicho kwenye kioo cha ndani aone lori linavyobaki, na juu ya kioo chake cha mbele lori limeandikwa HATUNA HARAKA. Anasoma tena. Herufi zimekaa sawa, zinasomeka kuanzia kushoto, ndani ya kioo, mahali ambapo zingepaswa kugeuka. Mkono wenye kovu uko kwenye usukani na anajua akishusha macho atajua uko upande gani. Hayashushi. Mbele yao kipilefti inakuja. Tunazungukia wapi, mjukuu wangu? anauliza Bibi. Gwakisa anabadilisha gia, na injini inaitikia kwa zamu zake nne bila kukosea hata moja. Popote, Bibi, anasema. Kama hii ni ndoto, ndiyo ndoto ambayo gari letu linatembea. Walioamka watafute la kwao.