Kidonge cha Jilala na Salamu za Mkwe

Mkokoteni ulikuwa umeshaiacha Nkoma, ng'ombe wawili wanavuta, pamba imefungwa juu kwa kamba, ndipo kifua kikambana Jilala. Akasimamisha ng'ombe, akaketi kando ya njia, akatoa kidonge chake cha moyo na kukiweka chini ya ulimi.

"Usikimeze," mkewe Milembe akamwonya. Alimjua.

Mara akatokea mzee Ngeleja, baba yake Milembe, anatoka kuangalia mtama wake. "Mwangaluka, mkwe wangu."

Usukumani huwezi kusalimiwa na baba mkwe ukakaa bubu. Jilala akainamisha kichwa tu. Mzee akarudia salamu, sauti imepanda. Basi Jilala akakimeza kidonge, akasimama, akaitikia yote: ng'ombe, watoto, mvua, mpaka mguu wa mzee uliovimba mwaka jana. Jasho likamtoka. Akashika kifua, akaketi tena kwa kishindo.

"Umekimeza," Milembe akasema.

"Ningemjibuje baba yako? Si kitafika tu? Tumbo na moyo ni majirani."

"Kifike wapi? Kikishuka tumboni lazima kipite kwenye ini, na ini ni geti la ushuru, linakula karibu mzigo wote. Chini ya ulimi mishipa iko juujuu. Dawa inaingia kwenye damu palepale, inafika upesi. Daktari alituambia sote, wewe ukawa unaangalia mbuzi dirishani."

Akampa kingine, akapiga goti mbele ya mzee. "Baba, leo mkweo hasemi. Dawa iko mdomoni."

Ngeleja akaketi chini naye. "Basi nitamjibia. Mwangaluka, mkwe. Mwangaluka, baba. Ng'ombe wazima? Wazima, ila huyu wa kushoto mvivu kama mwenyewe."

"Usimchekeshe, baba, atakimeza tena."

Wakangoja. Kidonge kikawasha ulimi, kikayeyuka. Kifua kikaachia polepole.

Pamba aliifikisha Ngeleja ghalani. Mtu na mkewe walipanda bodaboda hadi Bariadi, Jilala akapimwa upya. Bado analima, eneo dogo zaidi. Milembe ndiye anayetunza vidonge. Ng'ombe wa kushoto aliuzwa. Ngeleja alifariki mvua zilizofuata. Msibani Jilala aliketi na kidonge chini ya ulimi, na watu wote, wakijua dawa iko mdomoni, wakapita bila kumsalimia.